Historia Fupi ya Nguo za Wanawake Warefu

Ingia duka lolote la abaya Eastleigh, ama Biashara Street kule Mombasa, na kabla hujaulizwa rangi utaulizwa urefu. 54? 56? 58? Hizo ni inchi, kutoka begani hadi chini. Muuzaji mzoefu hata haulizi. Anakutazama mara moja, anapanda kiti, anashusha 60 kutoka rafu ya juu na kukurushia. Upana si tatizo, abaya ni pana.

Sasa vuka barabara uingie duka la marinda ya ofisi. Lugha inabadilika. Hapa kuna 10, 12 na 14, ama M, L na XL, na hakuna hata moja kati ya hizo inayokwambia rinda lina urefu gani. Zote zinazungumzia kifua, kiuno na nyonga. Mwanamke wa futi 5 na inchi 2 na yule wa futi 5 na inchi 11 wakitoshana kifua, basi kwa mujibu wa lebo hao ni mtu mmoja. Ukiwa yule wa pili unatoka chumba cha kujaribia nguo mikono ya blauzi ikiishia katikati ya mkono, kiuno cha rinda kikiwa mbavuni, na dada wa duka anakwambia, "Siz, hiyo ndiyo fasheni."

Na si ati urefu haujawahi kupimwa. Ulipimwa, ukaandikwa kwenye lebo, halafu ukaondolewa. Jinsi ulivyoondolewa, na jinsi wanawake warefu wa hapa kwetu walivyoendelea kuvaa licha ya hayo, ni historia ambayo haipatikani kwenye vitabu vya shule. Nimeikusanya kwa sababu mimi ni sentimita 180 na nimechoka kuambiwa nijaribu upande wa wanaume.

Tuanzie kabla ya lebo. Mwaka 1833 Seyyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar, alifunga mkataba wa biashara na Marekani. Kwa miongo kadhaa baada ya hapo meli za Salem, Massachusetts, zilishusha Zanzibar majora kwa majora ya kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi. Watu wa pwani wakakiita merikani, na nyanya yako akitaja merikani hadi leo anajua anachosema. Kitambaa hicho kilipanda bara na misafara, kikawa karibu pesa. Kilipimwa kwa mkono, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono 4 ilikuwa shuka. Mikono 8 ilikuwa doti, na ndiyo maana mpaka sasa leso hununuliwa kwa doti. (Mnunuzi mjanja, naamini, alipenda kupimiwa na mtu mwenye mkono mrefu.)

Katika ulimwengu huo hakukuwa na saizi. Ukiwa mrefu ulichukua kitambaa zaidi, ukakifunga. Mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa Zanzibar na Mombasa walianza kununua vitambaa vya mraba vilivyochapishwa, vile ambavyo Wareno waliviita lenço, na kuviunganisha sita pamoja, vitatu juu na vitatu chini. Ndipo tukapata leso. Wafanyabiashara wakaona soko na wakaanza kuagiza vilivyochapishwa vizima. Kaderdina Hajee Essak alifungua biashara yake Mombasa mwaka 1887, na leso zenye chapa ya Mali ya Abdulla bado ziko mitaani.

Leso ya kawaida ina upana wa sentimita 150 hivi, na kimo chake ni kama 110. Sasa piga hesabu. Mwanamke wa sentimita 180 kiuno chake kiko karibu sentimita 110 kutoka ardhini. Akiifunga kiunoni inashuka hadi kifundo cha mguu. Mwanamke mfupi anaikunja juu mara moja ama mbili, mrefu haikunji kabisa, na wote wawili wamevaa leso ile ile, kutoka duka lile lile, kwa bei ile ile. Sijui nguo nyingine ya kike inayouzwa Kenya ambayo ina usawa kama huo.

Halafu ikaja cherehani. Fundi aliyekaa kwenye baraza la duka la Mhindi, mguu kwenye pedali na tepu shingoni, alikuwa sura ya kila mji wa reli kuanzia Mombasa hadi Kisumu. Unanunua kitambaa ndani, unashonewa nje. Kazi ya fundi huanza na urefu: bega hadi kiuno, kiuno hadi goti, bega hadi kifundo cha mkono. Anaandika nambari hizo kwenye daftari lililochakaa, na akikosea unamrudia mnagombana. Ukiwa mrefu analalamika kidogo, anakwambia uongeze kitambaa, mambo yanaisha. Gauni refu ambalo kwa wengine linatoka kwenye yadi 3 za kitenge, mimi huambiwa nilete 4. Hiyo yadi moja ndiyo kodi ya urefu, na angalau ni kodi inayoeleweka.

Nguo iliyoshonwa tayari ina shida ambayo fundi hana: lazima imkisie mtu ambaye bado hajafika dukani. Kwa wanaume, ukisiaji huo ulisaidiwa na vita. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, jeshi lilihitaji sare nyingi kuliko mafundi wangeweza kushona moja moja. Viwanda vikatumia vipimo vya askari, vikagundua kwamba miili ya wanaume hujipanga katika makundi yanayojirudia, na vipimo hivyo vikaingia katika nguo za raia. Angalia jinzi ya kiume leo. Ina nambari mbili, W ya kiuno na L ya urefu wa mguu. W32 L34. Mwanamume mrefu mwembamba ana nambari yake, na mfupi mnene ana yake. Jinzi ya kike mara nyingi ina nambari moja tu, na hiyo moja haihusu miguu.

Wanawake walisubiri. Katika miaka ya 1920 na 1930 nguo za kike zilizoshonwa viwandani ziliuzwa kwa wingi Marekani, madukani na kwa posta, na kila kampuni ilikuwa na saizi zake. Nguo zikawa zinarudishwa kwa mafurushi. Ndipo Wizara ya Kilimo ya Marekani ikaingilia kati. Usicheke: idara ya uchumi wa nyumbani ilikuwa chini ya wizara hiyo. Kati ya 1939 na 1940, Ruth O'Brien na mtakwimu William Shelton walisimamia upimaji wa karibu wanawake 15,000, kila mmoja akichukuliwa vipimo 59. Walipimwa kila mahali unapoweza kufikiria, hadi mzunguko wa kifundo cha mguu. Ripoti ilitoka mwaka 1941.

Kuna mambo mawili katika ripoti hiyo ambayo yananihusu. La kwanza ni kwamba takwimu zilizotumika zilikuwa za wanawake weupe peke yao. Mwanamke mweusi hakuwemo kwenye hesabu. Saizi zinazopachikwa kwenye miili yetu zilianza bila sisi, na nadhani msomaji hatashangaa.

La pili limenishangaza zaidi. O'Brien na Shelton waligundua kwamba kifua, kipimo ambacho viwanda vilikitegemea, hakitabiri vizuri sehemu nyingine za mwili. Ukitaka kumjua mwanamke kwa vipimo viwili tu, walisema, chukua urefu na uzito. Lakini maduka hayakuwa na mizani, na wanawake wasingependa kutaja kilo zao mbele ya muuzaji. Kwa hiyo uzito ukakwama. Urefu, ambao mtu yeyote anautaja bila aibu, bado ulikuwa na nafasi.

Na mwaka 1958 ulipata nafasi hiyo. Serikali ya Marekani, ikiombwa na wafanyabiashara wa nguo za posta, ilitoa kanuni ya saizi za wanawake. Nambari zilitoka 8 hadi 38 kwa kifua. Baada ya nambari ikaja herufi: T kwa warefu, R kwa wa kawaida, S kwa wafupi. Mwishoni ikaja alama ya kujumlisha ama ya kutoa kwa nyonga. Mwanamke mrefu mwenye nyonga pana angeweza kuingia dukani akaomba 14T+. Mimi ningekuwa na lebo yangu! Nilipoijua habari hii niliandika 14T+ kwenye karatasi nikaikodolea macho kama mtu aliyekuta jina lake kwenye mnara wa ukumbusho.

Kwa nini basi huioni dukani? Fanya hesabu ya mwenye duka. Urefu wa aina tatu, nyonga za aina tatu: kila nambari moja imegawanyika mara tisa. Rinda moja la bluu katika nambari sita lingehitaji vipande 54 ili kila mteja apate lake, na vingi kati ya hivyo vingekaa rafuni vikisubiri mtu ambaye pengine anakuja mara moja kwa mwaka. Ghala linagharimu pesa, na nguo iliyokaa ni hasara. Kanuni haikuwa sheria ya kumlazimisha mtu, kwa hiyo viwanda vilichukua nambari vikaacha herufi. Mwaka 1983 serikali iliiondoa kabisa. Tangu hapo kila kampuni inakata kwa mwanamke wake wa kufikirika, ambaye kwa kawaida ana futi 5 na inchi 4 hadi 6, na asiyefanana naye akatafute fundi.

Uingereza kuna mtu aliyeliona pengo hilo. Mwaka 1976 Judy Rich, Mmarekani aliyeishi London, alifungua duka la wanawake warefu akaliita Long Tall Sally, jina la wimbo wa Little Richard wa 1956. Lilidumu zaidi ya miaka 40, likasambaa, na mwaka 2020 kampuni hiyo ikafunga shughuli, jina lake likanunuliwa na wengine. Lebo yake nimeikuta Toi Market zaidi ya mara moja. Nitafika huko.

Kwanza lazima tuzungumzie goti, kwa sababu kuna watu watakaosema hii yote ni kelele ya inchi mbili tatu. Chukua rinda la sentimita 90 kutoka begani. Mwanamke wa sentimita 158, ambao ni karibu wastani wa mwanamke wa Kenya, akilivaa linafunika goti. Mtu wa ofisi. Mtu wa kanisani. Mimi nikilivaa rinda hilo hilo, goti liko nje, na vidole vinne vya paja viko nje pia. Nguo ni moja na bei ni moja, ila mimi nimevaa mini na yeye hajavaa.

Shuleni sheria ilikuwa kwamba ukipiga magoti, pindo la sketi liguse sakafu. Sketi ziliuzwa na duka moja lililopendekezwa na shule, kwa saizi za kiuno. Kila mwanzo wa muhula sisi warefu watatu wa darasa tulipangwa mstari, tukapigishwa magoti, tukaandikwa majina. Mama alishusha pindo mpaka likaisha, kisha akaunga kitambaa cha bluu ambacho hakikuwa bluu ile. Hapo nikaandikwa tena kwa kuvaa sare isiyo ya shule.

Nje ya shule goti lina historia nzito zaidi. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU kule Tanzania ulitangaza Operesheni Vijana, kampeni ya kupiga marufuku mini na nguo za kubana, iliyopaswa kuanza rasmi Januari mosi 1969. Hata kabla ya tarehe hiyo, wanawake wa Dar es Salaam walishambuliwa na makundi ya vijana kwa sababu ya nguo walizovaa. Huku kwetu, Novemba 2014, mwanamke alivuliwa nguo hadharani kwenye kituo cha matatu Nairobi na wanaume waliodai amevaa vibaya. Mamia ya wanawake waliandamana katikati ya jiji wakisema nguo yangu ni chaguo langu. Wengi wetu tuliikumbuka miaka yetu yote ya kusimama stejini tukivuta sketi chini kwa mkono mmoja. Nikisema nguo ndefu ni suala la usalama, sizidishi chumvi. Sikuchagua rinda liwe fupi. Lilikatwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Sasa, Gikomba.

Nguo za mitumba zilikuwepo Kenya kabla ya miaka ya 1990, lakini biashara hiyo ilibanwa, kwani serikali ililinda viwanda vya hapa: Kicomi kule Kisumu, Rivatex kule Eldoret na vingine. Soko lilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, mitumba ikamiminika na viwanda vikaanguka kimoja baada ya kingine. Wanauchumi wanabishana mpaka leo kama mitumba ndiyo iliyoviua au ilivikuta tayari vinakata roho, kwa mashine kuukuu, madeni na umeme ghali. Sina nia ya kuamua ugomvi huo. Ninachojua ni kwamba kwa wanawake warefu wa Kenya, huo ndio wakati nguo zilipofika.

Sababu ni rahisi. Robota la mitumba, ama beli kama wanavyoliita Gikomba, ni kabati la mtu mwingine lililobanwa kwa mashine. Likitoka Ujerumani, Uholanzi, Kanada ama Uingereza, ndani yake kuna nguo za wanawake wa huko. Mwanamke wa kawaida wa Uholanzi ana karibu sentimita 169. Kile ambacho kwake ni suruali ya kawaida, kwangu ni muujiza. Na kati ya nguo hizo kuna zile chache zilizoshonwa makusudi kwa warefu, ambazo mwenyewe alizinunua kwa bei ya uchungu, akazichoka, akazitupa kwenye sanduku la msaada. Zinavuka bahari, zinashuka Mombasa, zinapanda lori, na asubuhi moja saa kumi na mbili mtu anakata kamba za robota la kilo 45 kando ya Mto Nairobi na kuzimwaga mezani. Wafanyabiashara wenyewe wanajua robota la nchi gani lina nini. Waulize kuhusu la Korea: nguo safi, za kupendeza, za watu wadogo. Usipoteze nauli.

Soko lina lugha yake. Kamera ni mzigo wa kwanza, zile nguo bora ambazo wauzaji wa Instagram wanazigombania alfajiri. Fagia ni mabaki ya mwisho, yanayouzwa kwa bei ya kutupa. Kwa miaka mingi nguo ndefu zilikuwa na kawaida ya kuteremka hadi fagia, kwa sababu wateja wengi wakizijaribu zinawaburuta. Zile zilizonunuliwa mapema zilinunuliwa na watu wa urefu wa kawaida, na pale pale pembeni ya soko kuna mafundi wenye cherehani wakingoja. Nimesimama nikatazama jinzi yenye mguu wa inchi 36 ikikatwa inchi sita, kipande kikaanguka kwenye matope. Yule dada aliyeinunua alifurahi, na alikuwa na haki ya kufurahi. Mimi nilitaka kuokota vile vipande nivipeleke nyumbani.

Warefu wakajifunza kufika mapema, wakajifunza pia kusoma nguo bila kuijaribu. Unashika suruali panapokutana miguu, unapima kwa mkono wako hadi pindo, na kama unajua mkono wako ni inchi ngapi huhitaji chumba cha kujaribia. Babu zetu wa merikani wangetuelewa. Unageuza pindo uone kama kuna kitambaa kilichokunjwa ndani cha kushusha. Unatafuta L34, L36, ama neno Tall karibu na nambari. Unapita upande wa wanaume kutafuta makoti na mashati, huku muuzaji akisema, "Madam, hizo ni za mabuda," nawe unamwambia unajua.

Kuna kichekesho kingine ambacho lazima nikitaje kwa haraka. Tangu Marekani ilipopitisha sheria ya AGOA mwaka 2000, viwanda vya eneo la EPZ, Athi River, vimeshona suruali kwa maelfu ya maelfu kwa ajili ya maduka ya Marekani. Karibu zote husafirishwa nje. Mikono ya Wakenya inajua vizuri kushona mguu mrefu. Kuna uwezekano kabisa kwamba jinzi fulani imetoka Athi River, ikavaliwa Ohio, ikarudi Gikomba baada ya miaka mitano, ikanikuta.

Tunaelekea kwenye siasa, ambapo mambo yaliharibika kidogo. Machi 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa nguo kuukuu sokoni kufikia 2019 ili kufufua viwanda. Chama cha wauzaji wa nguo kuukuu cha Marekani kilipeleka malalamiko kwa serikali yao, ambayo ilitishia kuziondoa nchi zetu kwenye AGOA. Kenya, yenye EPZ ya kulinda, ilirudi nyuma mwaka 2017. Rwanda ilishikilia msimamo, na Julai 2018 nguo zake zikapoteza nafasi ya kuingia Marekani bila ushuru. Kisha ikaja korona. Mwisho wa Machi 2020 Kenya ilisimamisha uingizaji wa mitumba kwa sababu za kiafya, na haikuufungua hadi Agosti. Agosti 2023 Rais Museveni naye akatangaza kwamba Uganda inaipiga marufuku.

Nimesoma hoja za pande zote. Upande mmoja unahesabu ajira za viwandani, mwingine ajira za sokoni, ushuru wa bandarini na taka zinazojaa mitoni. Zote ni hoja za kweli. Mimi mwenyewe si shabiki wa mitumba. Ningependa nguo mpya iliyoshonwa Eldoret kwa pamba ya Busia. Lakini sijasikia hata mara moja mtu akiuliza viwanda hivyo vilivyofufuliwa vitashona urefu gani. Vikishona kwa lebo ile ile ya nambari moja, ya mwanamke wa futi 5 na inchi 4, basi kile ambacho mitumba ilikuwa imekitatua bila kukusudia kitarudi kuwa tatizo, na safari hii hakutakuwa na robota la kutuokoa. Ile miezi ya 2020 tulionja. Stoku iliyokuwepo ilichambuliwa hadi ikaisha, na warefu wakarudi kwa fundi. Fundi ni mzuri, ila blauzi moja ya kazini kwa fundi, ukijumlisha kitambaa, vifungo na nauli ya kwenda kumkumbusha mara tatu, inaweza kuzidi bei ya blauzi kadhaa za Gikomba. Kwa mtu anayetafuta kazi, mwenye mahojiano Jumatatu, tofauti hiyo ni kubwa.

Na uwezo upo. Ushahidi ni ile abaya. Washonaji wa Dubai na Eastleigh wanakata nguo ile ile kwa urefu wa 52, 54, 56, 58, 60, na biashara haijafa. Walianza na swali la urefu kwa sababu abaya fupi haina maana kwa mvaaji. Kama mwenye kiwanda cha marinda angeacha upana wa aina saba akachukua upana wa aina nne na urefu wa aina mbili, angekuwa na vipande vinane badala ya saba. Kimoja zaidi.

Viatu ndio ugumu wa mwisho, kwa sababu kiatu hakina pindo la kushusha. Waingereza walipima mguu kwa punje za shayiri, punje tatu kwa inchi moja, na hadi sasa kila saizi yao inazidi iliyotangulia kwa thuluthi ya inchi. Wafaransa wakaja na kipimo chao cha thuluthi mbili za sentimita, ambacho ndicho tunachokitumia tukisema 38 ama 41. Saizi 42, kwa hesabu hiyo, ni kalibu ya sentimita 28. Kila saizi inahitaji kalibu yake, ya kushoto na ya kulia, na kalibu ni ghali. Kiwanda hakiwezi kutengeneza kalibu kwa ajili ya mteja mmoja mmoja. Ndiyo sababu viatu vya kike vinavyoagizwa kwa jumla huja katoni yenye mchanganyiko uliopangwa, 37 hadi 41 kwa kawaida, za kati zikiwa nyingi zaidi na 41 ikiwa jozi moja. Mwenye duka hawezi kuongeza 42 hata akitaka. Haimo kwenye katoni.

Kwa hiyo mwenye mguu wa 42 ana njia tatu. Kuna raba za kiume, ambazo zimetuokoa sana tangu zilipoanza kuvaliwa hata ofisini. Kuna fundi wa viatu, mwenye uwezo wa kushona sandali za ngozi kwa kuchora mguu wako kwenye karatasi, ingawa ukimwomba kiatu cha kisigino atakutazama kwa huruma. Na kuna mitumba. Pale Gikomba kuna kijana anayeuza viatu vya kike vya ngozi, anavipanga kwa rangi, na zile 42 na 43 haziweki mezani. Anazificha kwenye gunia nyuma yake, ananipigia simu zikifika, na bei anaitaja polepole, akijua vizuri kwamba sina pengine pa kwenda.